Mtandao, intaneti na waifai: msamiati wa kuunganisha kipakatalishi chenye Linux

Neno mtandao limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili cha teknolojia. Mtu akisema "hakuna mtandao", huenda simu yake haipati mawimbi ya mnara; huenda kompyuta yake haijaungana na ruta; au imeungana nayo, lakini ruta yenyewe haifiki popote. Katika mazungumzo hakuna dhara, kwa kuwa muktadha hufafanua. Katika maelekezo ya kuunganisha kipakatalishi na waifai dhara ni kubwa, maana hali hizo zina tiba tofauti, na msomaji aliyepewa neno moja hajui aanzie wapi. Makala hii inafuata hatua za kazi hiyo katika Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, na kupima maneno yanayohitajika njiani.

Amri "ip link" huorodhesha violesura vya mtandao vilivyomo katika kompyuta. Kiolesura cha waifai kwa kawaida huwa na jina linaloanza na herufi wl, kwa mfano wlp3s0. Jina hilo, kama amri zenyewe, halitafsiriwi wala halitoholewi: mfasiri akibadili herufi moja, amri haifanyi kazi. Kiolesura kisipoonekana, jambo la kwanza la kushuku ni programu dhibiti, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi ya waifai. Hii si sawa na kiendeshaji, ambacho ni sehemu ya mfumo endeshi inayowasiliana na kadi hiyo. Kadi nyingi za Intel huhitaji vyote viwili. Kisakinishi rasmi cha Debian hakikuwa na programu dhibiti zisizo huru hadi toleo la 12, lililotoka Juni 2023, na ndiyo sababu maelekezo ya zamani hutumia kurasa nzima kwa jambo ambalo leo aghalabu hujitatua lenyewe. (Napendelea kiendeshaji kuliko kiendeshi, kwa kuwa kiendeshi hutumiwa pia kwa kifaa cha kusomea diski.)

Kiolesura kikionekana lakini hakikamati chochote, amri "rfkill list" hueleza kama redio ya waifai imezimwa. Hapa pana mtego wa tafsiri. Kiingereza hutofautisha aina mbili za kizuizi kwa vivumishi vyenye maana ya "laini" na "gumu". Anayetafsiri neno kwa neno atapata "kizuizi laini", na msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye kwake laini ni kadi ya simu, atadhani laini yake imefungiwa. Maana iliyokusudiwa ni nyingine kabisa: kizuizi cha kwanza kimewekwa na programu na huondolewa kwa amri "rfkill unblock wifi", cha pili kwa kawaida kimewekwa na swichi ya kompyuta yenyewe, na hakuna amri ya rfkill inayokiondoa. Kwa hiyo "imezuiwa na programu" na "imezuiwa na swichi" ni tafsiri bora, kwani humwambia msomaji mkono wake uende wapi.

Tunaitaje mtandao wenyewe? Istilahi kama "mtandao usio na waya" na "pasiwaya" hueleza kitu kwa kile kinachokosekana, kama Kiingereza kifanyavyo. Kiswahili kilikwisha kupita njia nyingine zamani. Mawasiliano ya redio yalipofika, wasemaji waliyaita "simu ya upepo": walitaja kile walichoona kinaubeba ujumbe, si kile kisichokuwapo. Mtandaopepe umefuata mkondo huo, na ni neno zuri, ila lina udhaifu wake. Siku hizi pepe huongezwa pia kwa kitu kinachopatikana kwenye kompyuta tu, kama katika maktaba pepe, na maktaba hiyo haihusiani na kukosa waya. Katika maelekezo ya kiufundi ningetumia waifai, neno ambalo kila mtu analo, na kuiacha mtandaopepe kwa waifai inayogawiwa na simu.

Amri "nmcli device wifi list" huonyesha majina ya waifai zilizo karibu. Ili kuunganisha, andika "nmcli --ask device wifi connect Nyumbani", ukiweka jina la waifai yako mahali pa Nyumbani. Mfumo utauliza nenosiri, kwa hiyo halitabaki katika kumbukumbu ya amri zako. Nenosiri na nywila yote yanakubalika. Kisichokubalika ni kuyachanganya katika andiko moja, kwani msomaji atatafuta siri mbili. Jihadhari pia na kitenzi kujiunga: kwa watumiaji wengi wa simu, kujiunga ni kununua kifurushi. Kuunganisha ni salama zaidi.

Sasa turudi kwenye neno mtandao. Kompyuta ikishaungana, amri "ip route" huonyesha, katika mstari unaoanza na "default via", anwani ya ruta. Tuma "ping" kwa anwani hiyo. Ikijibu, mtandao wa nyumbani ni mzima. Kisha jaribu "ping 9.9.9.9", ambayo iko nje. Ruta ikijibu na hii isijibu, mtandao upo na intaneti haipo: ujumbe sahihi ni "Umeunganishwa kwenye mtandao, lakini hakuna intaneti", na mtu wa kupigiwa simu ni mtoa huduma. Namba ikijibu lakini "ping debian.org" ikashindwa, intaneti ipo, kinachokosekana ni huduma ya kubadili majina kuwa namba, nayo hurekebishwa katika mipangilio ya kompyuta au ya ruta. Mfasiri aliyeandika "hakuna mtandao" mahali pote hapa amemrudisha msomaji kwenye kadi ya waifai, ambayo haikuwa na hitilafu yoyote.