Attachment ama internship? Mdosi anajua tofauti, wewe je?

Ukiingia tao Jumatatu asubuhi mwezi wa tano hivi, utawaona wasee wa bahasha ya kaki. Wametoka Kawangware na 46, Uthiru na 23, wengine Kikuyu na 105, viatu vinang'aa, na wanapanda ngazi za ofisi moja baada ya nyingine. Mmoja anauliza dada wa mapokezi, "Madam samahani, mko na nafasi ya attachment?" Wa nyuma yake anauliza kama kuna nafasi ya internship. Madam anachukua karatasi za wote wawili anaweka kwa boksi moja.

Hapo kwa boksi ndipo shida inaanzia, juu haya maneno mawili yanafanana kwa mdomo lakini kwa mfuko yako mbali sana.

Tuanze na attachment. Hapa wewe bado ni mali ya chuo. Hii ni sehemu ya kozi kama tu mtihani, na usipoifanya hupati cheti. Chuo ndicho kinakupa barua na logbook ya kujaza, na kuna mwalimu atakuja kukukagua hapo kazini, abonge na msimamizi wako dakika chache, akuwekee alama. Mara nyingi ni kama miezi 3. Bima yako pia kwa kawaida hupangwa kupitia chuo. Kampuni imekukaribisha tu ujifunze, ndio maana nyingi hazilipi, ama zinakupea tu doo ya nauli na lunch.

Internship ni stori ingine. Umemaliza, cheti unacho, chuo kimeshakuachilia. Hakuna mwalimu anakuja kukukagua. Sasa uko chini ya mwajiri mwenyewe: yeye ndiye anakupa barua, anasema unaanza lini na unamaliza lini, na ndiye wa kuulizwa ukikatwa kidole na mashine. Serikali kupitia PSC hupanga internship za mwaka mzima kwa waliohitimu, na kuna posho. Wale kama mimi tulioacha chuo katikati, huo mlango hatugongi.

Kwa nini basi wengi wanachanganya? Nalaumu Google. Hilo neno attachment tunavyolitumia ni Kiinglisi cha hapa kwetu. Mwambie Mmarekani "I am looking for attachment" na atadhani umeachwa na mpenzi. Kwake mwanafunzi anayeenda kazini likizo ya chuo anaitwa intern, kwisha. Mwingereza naye ana neno lake, placement. So ukiwa Kabete unasoma ushauri wa Marekani kuhusu ma-intern, unasoma maneno sawa na maisha tofauti. Na ukienda kwa mawakili, attachment ni ile siku auctioneer anakuja kuchukua TV yako. Attachee je? Hilo tulijitengenezea, tukaazima kwa mabalozi.

Sasa tupige hesabu. Sema nauli ni 80 kuenda na 80 kurudi, na lunch ya kibanda ni 100. Hiyo ni 260 kwa siku, 1,300 kwa wiki ya siku 5. Wiki 12 za attachment zinakula 15,600. Inauma, lakini angalau unanunua alama za kozi yako. Mdosi akikuambia baada ya hapo "endelea tu kama intern" bila doo, mwaka mzima unakula 67,600. Unamlipa mtu karibu thao 68 ndio akufanyishe kazi, na hakuna chuo kinakupea alama yoyote. Wapo mabosi wanapenda hii mchezo sana. Mwezi wa nane kundi moja likitoka wanaingiza lingine, na ofisi haiajiri mtu.

Na usidhani neno intern likishaandikwa kwa barua basi uko salama. Uliza walimu. TSC iliajiri wasee waliohitimu na kusajiliwa kabisa kama walimu, ikawaita interns, ikawalipa 20,000 kwa junior school na 15,000 kwa primary, kabla ya makato. Darasani walikuwa wanafunza masomo yale yale na walimu wengine. Kesi ikafika korti ya ajira, na tarehe 17 Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya akasema TSC imekiuka haki zao: mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa si wa kuajiriwa kama mwanagenzi. Mwezi uliofuata walimu wa junior school walikuwa barabarani na mabango. Walimu kama 46,000 wakaingizwa kwa mkataba wa kudumu kufikia Januari 2025. Lakini wakati huo huo TSC ilikuwa inachukua wengine 20,000, na kwa barua zao neno lilikuwa lile lile, intern.

Madaktari nao walipigania neno hilo kutoka upande mwingine. Daktari mwanagenzi amesoma miaka 6, na lazima apitie mwaka wa internship hospitalini kabla apate usajili kamili. Yeye ndiye unampata usiku casualty. Makubaliano ya 2017 yalisema alipwe kama 206,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ikasema 70,000 inatosha, kwamba hao bado wanajifunza. KMPDU ikaanza mgomo tarehe 14 Machi, ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56, na hata hapo suala la wanagenzi lilibaki linaning'inia. Desemba ndio serikali ikakubali kufuata yale makubaliano ya 2017. Ona vile neno moja lilivyobeba tofauti ya 136,000 kila mwezi kwa kila kichwa.

Kwa hivyo ukiitwa ofisini Westlands ama Lavington, kabla useme "asante sana boss", angalia karatasi. Kama barua inataja chuo chako na logbook, hiyo ni attachment hata wakiiita internship kwa tangazo. Kama umeshamaliza na wanakutaka kila siku saa mbili hadi saa kumi na moja, uliza kwa heshima: "Madam, posho ni ngapi, na bima ni ya nani?" Haitaonekana madharau. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kwa hiyo sheria mfanyakazi ni pamoja na mwanagenzi wa kujifunza ufundi.

Angalia sana ile siku barua ya chuo inaisha. Hapo ndipo wengi wanalala. Barua imeandikwa mwisho ni Ijumaa, msimamizi anakuambia urudi Jumatatu juu kazi ni nyingi, unafurahi, unarudi. Hiyo Jumatatu hauko tena chini ya chuo, na kampuni nayo haijakuandika popote. Ukianguka na ngazi pale, kila mmoja anakuonyesha mlango wa mwenzake. Mwambie akuandikie barua mpya hata kama ni mistari mitatu: jina lako, tarehe ya kuanza na kumaliza, na pesa ni ngapi. Akikataa kuandika, chukua 46 urudi mtaa.