Bei ya Randa Iko Kwenye Amecha

Seremala akishuka Morogoro mjini kutoka Matombo au Mgeta na randa ya umeme ndani ya kiroba, swali lake huwa moja: "Fundi, hii utanipa ngapi?" Aliye mgeni katika biashara ya mashine zilizotumika hutazama rangi, husoma jina la kampuni, kisha hutaja bei. Mzoefu hutafuta bisibisi kwanza.

Randa, msumeno wa duara, ruta na drili za umeme zina mota ya aina moja. Ndani yake kuna amecha inayozunguka, fildi iliyotulia pembeni, na kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye komyuteta, ile ringi ya vipande vya shaba iliyo mwishoni mwa amecha. Kaboni zimetengenezwa ili ziishe: zinalika polepole kusudi shaba isilike. Ndiyo maana mashine iliyozima ghafla, kisha ikawaka ulipoigonga kidogo, mara nyingi haina ugonjwa mkubwa. Kaboni zimekuwa fupi, au zimekwama kwenye nyumba zake kwa vumbi. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Amecha ni habari nyingine. Washa mashine na uchungulie kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni za kawaida. Cheche zikiizunguka komyuteta yote kama pete ya moto, koili ya amecha huenda imekatika au imegusana. Ifungue, unuse. Vanishi iliyoungua ina harufu ambayo fundi haisahau, na koili iliyokuwa ya kahawia hugeuka nyeusi. Hapo kuna njia mbili: kusuka upya au kununua nyingine, na zote zinakula faida.

Beringi nazo huongea. Zungusha shafti kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo, zimekwisha. Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi. Kwa mfano, 608 ina tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, iwe imetengenezwa Japani au China. Kwa mashine ya mbao chagua yenye kifuniko cha mpira, iliyoandikwa 2RS, kuliko yenye kifuniko cha bati, ZZ. Vumbi la mbao ni jembamba na hupenya bati kwa urahisi zaidi.

Muulize pia mwenye mashine alikuwa anaranda nini. Mvule huficha vijiwe vya chokaa ndani ya mbao, na kisu kikikutana navyo humeguka. Msaji, ule wa mashamba ya Mtibwa na Kilombero, una chembe za silika zinazofubaza makali upesi. Kisu kikifubaa, seremala hukandamiza. Akikandamiza, mota hupunguza mwendo. Feni iliyo juu ya amecha nayo hupunguza upepo, na koili huchemka. Hali huwa hiyohiyo pale umeme unapovutwa kwa waya mwembamba na mrefu kutoka nyumba ya jirani. Na mashine iliyokaa upande wa mashariki wa Uluguru, kunakonyesha zaidi, ikague kutu na unyevu kabla hujaichomeka.

Msumeno wa duara una ushahidi wake. Ukikuta matundu ya skrubu kwenye bamba la chini, alama za waya kwenye kinga, na swichi iliyofungwa kwa mpira, jua uligeuzwa ukafungwa chini ya meza. Umefanya kazi kutwa nzima huku ukinyeshewa vumbi. Punguza bei, na usiuuze kabla kinga haijarudi mahali pake na kujifunga yenyewe. Visu vya randa navyo hubadilishwa kwa jozi yenye uzito sawa, na skrubu zake hukazwa mara mbili. Kisu kikichomoka, hutakuwa na cha kujitetea.

Kibati cha maelezo kisomwe kabla ya plagi. Umeme wetu ni volti 230. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani 120, na nyingi za maeneo ya ujenzi Uingereza ni 110. Ukiichomeka ya volti 100 moja kwa moja, inapokea zaidi ya mara mbili ya haki yake na huungua. Inahitaji transfoma, na gharama ya transfoma inatoka kwenye bei yako, haitoki mfukoni mwa mteja. Alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inaeleza kwa nini waya hauna ethi: mashine ina kinga mbili za umeme, kwa hiyo si kasoro.

Sasa bei. Wengi hujumlisha: nilinunua kadhaa, nikatengeneza kwa kadhaa, naongeza faida. Hesabu hiyo inaanzia mahali pabaya, kwa sababu mteja hajali umetumia ngapi. Anajali randa mpya dukani inauzwaje. Anzia hapo urudi nyuma. Tuseme kwa hali yake randa hii itauzika kwa shilingi 220,000. Toa faida 40,000, akiba ya dhamana 20,000, spea 50,000 na kazi ya mikono 30,000. Zinabaki 80,000, na hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya kumpa yule seremala. Kama amecha imeungua na mpya ni 70,000, basi umpe 10,000. Hapo hununui randa tena, unanunua spea.

Upatikanaji wa spea nao ni sehemu ya bei. Mashine ya jina kubwa isiyo na kaboni madukani ina thamani ndogo kuliko ya jina la kawaida yenye spea kila kona. Majina pia hubadilika: mashine za umeme za Hitachi zilianza kuitwa HiKOKI mwaka 2018, kwa hiyo ulizia spea kwa majina yote mawili.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika namba ya mashine, jina la aliyekuuzia na nakala ya kitambulisho chake; ukiwa na shaka, mpitishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji anayepokea mali ya wizi huku akijua, na kwa polisi daftari litakusemea. Mteja naye mwandikie risiti inayotaja volti, spea ulizobadilisha na muda wa dhamana.

Nawe unayekwenda kununua, usiridhike na mashine inayonguruma mezani. Mota isiyo na mzigo huimba vizuri hata ikiwa mgonjwa. Nenda na kipande chako cha mninga, ukirande kwa dakika 5, kisha ushike mwili wa mashine. Ikichemka kiasi cha kukutoa mkono, mrudishie mwenyewe.