Istilahi za Malipo Dukani: Kadi, Simu na Neno "Kulipa"

Watafsiri wanaopewa mikataba ya benki na ya makampuni ya simu ili waigeuze kwa Kiswahili hukutana na shida moja ambayo kamusi haiwatatulii. Kiingereza kina maneno manne au matano kwa hatua mbalimbali ambazo fedha hupitia tangu itoke kwa mnunuzi mpaka iingie katika hesabu ya muuzaji. Sisi aghalabu tunazifunika hatua zote hizo kwa neno moja, malipo. Katika mazungumzo neno hilo latosha. Katika mkataba halitoshi, kwani mwenye duka anayetia sahihi yapasa ajue ni hatua ipi imekwisha, ni ipi bado, na ni nani atakayebeba hasara jambo likiharibika katikati.

Tumfikirie mwenye duka wa Ivuna, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, upande wa kusini wa Ziwa Rukwa. Wanasayansi wa ulimwengu wanaijua Ivuna kwa ajili ya kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, lakini kwa mada yetu kilicho muhimu zaidi ni chumvi. Katika chemchemi za Ivuna watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi. Utafiti wa mambo ya kale uliochapishwa na Brian Fagan na John Yellen mwaka 1968 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwako kabla ya karne ya 15. Aliyebadilisha chumvi kwa nafaka hakuhitaji istilahi. Kitu kilitoka mkono huu, kingine kikaingia mkono ule, shauri likaisha. Mwenye duka wa leo hupokea ujumbe wa simu, na akishuka Tunduma kununua bidhaa za jumla hukuta mashine ya kupokelea kadi juu ya meza. Katika mambo yote mawili hakuna fedha inayoonekana kwa macho. Kinachosafiri ni habari juu ya fedha.

Lugha yetu si ngeni katika jambo hili. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na hundi, neno tulilolipata kutoka Bara Hindi, na hawala, lililotoka katika Kiarabu. Yote mawili hayana maana ya fedha wala ya malipo, bali ni amri au ahadi ya kulipa. Mtu aliyepokea hundi alifahamu kwamba bado hajalipwa. Tofauti hiyo kati ya amri na malipo yenyewe ndiyo tunayoelekea kuipoteza, na ndiyo inayopasa kurudishwa katika istilahi za kadi na za simu.

Kwanza jina la kadi yenyewe. Kadi zilizoanza kuenea Marekani, ya Diners Club mwaka 1950 na ile ya Bank of America mwaka 1958 ambayo tangu 1976 inaitwa Visa, zilimruhusu mwenye kadi kununua sasa na kulipa baadaye. Hiyo ni kadi ya mkopo, na jina linaifaa. Lakini kadi nyingi walizo nazo wananchi wa Tanzania hazikopeshi chochote; hutoa fedha ambayo mwenyewe ameiweka benki. Kuziita zote kadi za mkopo, kama wafanyavyo baadhi ya watafsiri, ni kumtisha mwalimu mstaafu kwamba ana deni asilolijua. Napendekeza kadi ya malipo iwe jina la jumla, na chini yake tuwe na kadi ya mkopo na kadi ya akaunti.

Sasa tuangalie jinsi kadi inavyofanya kazi. Mteja ananunua bidhaa za shilingi 100,000 huko Tunduma. Mashine ya muuzaji hupeleka habari kwa benki inayomhudumia muuzaji. Benki hiyo huipitisha katika mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard. Mtandao huuliza benki iliyotoa kadi kama kadi ni halali na kama fedha ipo. Jibu hurudi kwa njia ile ile kwa muda wa sekunde chache. Benki mbili hizi zinahitaji majina yasiyochanganyika, nami naona benki toaji kwa ile iliyompa mteja kadi, na benki pokezi kwa ile ya muuzaji, yanaeleweka hata kwa asiyepata kusoma mambo ya fedha.

Jibu linalorudi si malipo. Ni idhini. Benki toaji imekubali, nayo imekizuia kiasi hicho katika akaunti ya mteja kisitumike kwa jambo jingine. Lakini hata senti moja haijamfikia muuzaji. Tafsiri inayosema "malipo yamekamilika" katika hatua hii inasema jambo lisilo kweli, na ndiyo maana muuzaji hushangaa jioni akiangalia hesabu yake na kuikuta haijaongezeka. "Malipo yameidhinishwa" ndiyo kauli sahihi.

Baadaye muuzaji, au mashine yenyewe, hufunga hesabu ya siku na kupeleka orodha ya mauzo yote. Hapo hufuata kazi ya kulinganisha nani anamdai nani, kwani katika siku moja benki A inaweza kuidai benki B kwa mauzo mengi na yenyewe ikadaiwa kwa mengine. Hatua hii naiita ulinganishi wa madai. Baada ya madai kukatana, benki hulipana kile kilichobaki, na benki pokezi humwekea muuzaji fedha yake. Neno la Kiingereza linalotumika kwa hatua hii ya mwisho lina pia maana ya mahali watu wanapokaa, na mtafsiri mwenye haraka, au mashine ya kutafsiri, huweza kuandika "makazi", akaacha sentensi isiyo na maana yoyote. Kiswahili kinacho kiambishi -na- cha kutendana ambacho kinatupa jibu zuri kuliko la Kiingereza: ulipanaji. Neno lenyewe lasema kwamba pande mbili zinamalizana.

Muuzaji hapati shilingi 100,000 kamili. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mkataba wake unataja asilimia 2, atapata 98,000. Zile 2,000 hugawanywa kati ya benki toaji, ambayo kwa kawaida huchukua fungu kubwa, mtandao wa kadi na benki pokezi. Ziitweje? Hapa wananchi wana maneno matatu, ada, makato na tozo, nao huyatumia bila kuyabagua. Tangu Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza fedha katika miamala ya simu, na Septemba mwaka huo huo viwango hivyo vikapunguzwa kwa asilimia 30, neno tozo limekuwa midomoni mwa kila mtu, hata likameza maana ya mengine. Ningeomba lirudishwe mahali pake: tozo ni ile inayowekwa na serikali kwa sheria, ada ni bei ya huduma ya benki au kampuni, makato ni jumla ya kila kilichopunguzwa, bila kujali kimekwenda kwa nani. Mwenye duka anayelalamikia "tozo" ilhali analipa ada atapeleka lalamiko lake katika ofisi isiyohusika.

Kuna jambo jingine ambalo mikataba hulificha katika neno "kurudisha". Muuzaji akirudishiwa bidhaa mbovu, naye kwa hiari yake akamrejeshea mteja fedha, hayo ni marejesho. Lakini mwenye kadi anaweza pia kwenda benki yake akasema kwamba hakununua kitu hicho, au kwamba hakukipokea. Na benki, baada ya kulichunguza dai, ikaichukua fedha kutoka kwa muuzaji bila ya ridhaa yake, hata wiki kadhaa baada ya ulipanaji. Mambo haya mawili yanatofautiana kama zawadi inavyotofautiana na hukumu. La pili nalipendekezea jina utenguzi wa malipo, kwa kuwa kutengua tayari latumika mahakamani kwa uamuzi unaoondolewa nguvu. Mwalimu wa biashara asipowafundisha wanafunzi wake jambo jingine lolote juu ya kadi, awafundishe hili.

Malipo ya simu, ambayo huduma ya M-Pesa iliyaanzisha Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, yamefupisha safari hii. Mnunuzi na muuzaji wakiwa katika kampuni moja, idhini na kuhamishwa kwa salio hutokea pamoja, na neno "imethibitishwa" lina haki ya kutumika. Hata hivyo lililohama ni salio. Fedha yenyewe imewekwa benki katika akaunti ya amana, na muuzaji akitaka noti hana budi kupiga hatua nyingine. Tena ujumbe unaoonyeshwa na mteja katika simu yake mwenyewe si uthibitisho kwa muuzaji. Uthibitisho ni ule unaofika katika simu ya muuzaji. Matapeli wanaifahamu tofauti hii kuliko watafsiri.

Huduma hiyo imetuletea jina Lipa Namba. Mwanasarufi hataridhika nalo. Katika chemshabongo, bongo ndiyo inayochemshwa. Katika Lipa Namba, namba hailipwi. Namba ya kulipia lingekuwa jina lenye mantiki. Lakini watu wamekwisha kuliingiza katika ngeli, wanasema "Lipa Namba yangu", na jina lililobandikwa katika kuta za maduka haliondolewi kwa makala. Katika maandishi ya serikali tuandike namba ya kulipia. Tukitaja huduma yenyewe, tuliache jina lake.

Lisiloweza kuachwa ni mchanganyiko wa namba hiyo na namba ya wakala. Mwenye duka wetu wa Ivuna huenda akawa nazo zote mbili, zimeandikwa katika kibao kimoja. Akiwa wakala, humpa mteja noti kwa salio, naye hupata kamisheni kutoka kwa kampuni. Akiwa muuzaji, hutoa sukari au sabuni, na ada inategemea mkataba wake. Mteja akitumia namba ya wakala kulipia sukari, kampuni itaandika kwamba ametoa fedha, itamkata ada ya kutolea, na hakutakuwa na kumbukumbu yoyote kwamba kuna kitu kilinunuliwa. Kwa hiyo fomu za kujiandikisha zitenge kutoa na kulipa katika vifungu viwili, kila kimoja na kiwango chake cha ada.