Kitabu cha Sarufi na Mtahiniwa wa Kichina

Mwanafunzi anayejitayarisha kufanya mtihani wa umilisi wa Kichina, ule unaojulikana kwa herufi HSK, aghalabu huchagua kitabu cha sarufi kama achaguavyo kamusi: kilicho kinene zaidi hudhaniwa kuwa ndicho bora. Uchaguzi wa namna hiyo una hasara. Vyuo vikuu vya China vinavyofundisha kwa Kichina kwa kawaida humtaka mwombaji wa kutoka nje awe na cheti cha daraja la 4 au zaidi, na miezi iliyotumiwa juu ya kitabu kisichofaa hairudi. Tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, swala hili limewahusu pia wanaisimu wa Kenya, kwani mara nyingi wao ndio wanaoombwa ushauri.

Yafaa kwanza kutazama mtihani unamtaka mtahiniwa afanye nini. Katika muundo uliotolewa mwaka 2010, sehemu ya kuandika ya daraja la 4 ilikuwa na maswali 10 ambamo mtahiniwa alipewa maneno yaliyovurugwa, naye akatakiwa ayapange yawe sentensi. Katika daraja la 6 alipewa sentensi nne nne ili aitambue iliyokosewa. Hakuna mahali alipoulizwa fasili ya kiima wala ya kijalizo. Kwa kuwa Kichina hakina viambishi vya upatanisho vya kumwongoza msomaji, sarufi inayopimwa hapo ni mpangilio wa maneno pamoja na matumizi ya vijineno kama le, de na bǎ. Kitabu kinachotoa kanuni na mifano sahihi tu, bila kuonyesha sentensi isiyokubalika na sababu ya kutokubalika kwake, humwacha mtahiniwa katikati ya safari.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni lugha ya msomaji aliyekusudiwa na mwandishi. Sarufi nyingi za Kichina zinazopatikana Afrika Mashariki ziliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Zikifika kwenye kijineno le, hutumia kurasa nyingi kumsihi msomaji asikichukue kuwa alama ya wakati uliopita. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kusihiwa hivyo, kwa sababu tangu utotoni ametenganisha -me- na -li-. Sentensi tā bìng le ni "ameugua", na hapana linalomshangaza. Hata sentensi ya wakati ujao kama míngtiān wǒ xiàle kè jiù qù, ambayo humtatiza Mwingereza, kwake ni "kesho nikishamaliza kipindi nitakwenda". Wala hashangai kuona kwamba le hutoweka katika kukanusha, wǒ méi qù, maana -me- nayo haibaki katika "sijaenda".

Hatari yake iko kwingine. Kiambishi -me- kimebeba mizigo mitatu ambayo Kichina kimeigawa. "Amefika" ni tā dào le. "Amesimama mlangoni", kwa maana kwamba bado yuko pale wima, huhitaji zhe: tā zài ménkǒu zhànzhe. "Nimepata kufika Beijing", yaani imewahi kutokea maishani, huhitaji guo: wǒ qùguo Běijīng. Mswahili anayeweka le katika sentensi hizo zote hafanyi kosa la uvivu. Anafuata sarufi yake mwenyewe kwa uaminifu. Kitabu kinachoeleza le katika sura moja, zhe katika nyingine na guo mbali zaidi, bila kuvilinganisha vyote vitatu mahali pamoja, hakitamwokoa.

Vivyo hivyo kwa bǎ. Tofauti iliyopo kati ya "amefunga mlango" na "ameufunga mlango" ni mlango mzuri wa kuingilia muundo huo, kwani katika tā bǎ mén guān le mlango unaosemwa unajulikana kwa wote wawili. Hata hivyo ulinganisho huo una mpaka. Kiambishi cha yambwa hakidai lolote baada ya kitenzi, ilhali kitenzi cha sentensi ya bǎ kwa kawaida hakisimami peke yake: hufuatwa na le, na kijalizo, au na kitu kingine kinachoonyesha yaliyoipata yambwa. Tena neno la kukanusha hutangulia bǎ, si kitenzi. Hayo mawili yasipoelezwa waziwazi, mtahiniwa atayapanga maneno yake vibaya.

Kwa mizani hiyo, vitabu mashuhuri vyapungua au kuzidi. Sarufi ya Yuen Ren Chao ya mwaka 1968 ni hazina ya mhadhiri, lakini hati ya Kirumi iliyotumiwa humo si pinyin, na mtahiniwa hana wakati wa kujifunza hati ya ziada. Ile ya Charles Li na Sandra Thompson ya mwaka 1981 haijapitwa kwa urahisi katika maelezo yake ya le ya mwisho wa sentensi. Ila mifano yake imeandikwa kwa hati ya Kirumi peke yake, na mtihani wa daraja la 4 husomwa kwa herufi za Kichina. Kwa daraja la 3 na la 4, kitabu cha Claudia Ross na Jing-heng Sheng Ma cha mwaka 2006, au kile cha Yip Po-Ching na Don Rimmington cha mwaka 2004, chaelekea kufaa zaidi, kwa kuwa herufi na pinyin zimewekwa pamoja. Anayekusudia daraja la 5 na kuendelea hana budi kuhamia kwenye sarufi iliyoandikwa kwa Kichina, kama ile ya Liu Yuehua na wenzake ya mwaka 1983, iliyorekebishwa mwaka 2001. Pembeni yake aweke kitabu cha Lü Shuxiang cha mwaka 1980 juu ya maneno mia nane, ambacho hufunguliwa kama kamusi.

Vigezo vilivyotolewa na China mwaka 2021 vimeorodhesha vipengele 572 vya sarufi kwa kufuata madaraja. Orodha hiyo si kitabu cha kusomea, kwani haielezi. Lakini mwalimu anaweza kuiweka kando ya kitabu chochote dukani na kuona upesi kipi kimeachwa. Kisha afungue ukurasa wa le. Endapo zhe na guo haziko karibu, na kitabu ni kizuri kwa mengine, kinunuliwe, na pambizoni ziandikwe kwa kalamu sentensi tatu: amefika, amesimama mlangoni, nimepata kufika Beijing.