Kifua Kinaponyamaza

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker jijini Paris, daktari René Laennec aliona haya kuweka sikio kifuani mwa mgonjwa wake, mwanamke kijana. Akaviringisha karatasi ikawa bomba, ncha moja kifuani, nyingine sikioni. Moyo ukasikika wazi kuliko alivyopata kuusikia. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa stetoskopu, na mwaka 1819 Laennec akatoa kitabu kilichozipa majina sauti za mapafu.

Mapafu mazima huvuma taratibu, kama upepo majanini. Aliyeuzoea uvumi huo hung'amua upesi penye kasoro.

Shika nywele chache karibu na sikio, uzisugue kwa kidole gumba na cha shahada. Mchakacho huo mwembamba ndio daktari huusikia mgonjwa anapovuta pumzi, vijifuko vya hewa vilivyojifunga vikifunguka ghafla. Nimonia huuleta. Moyo uliochoka, maji yakajaa mapafuni, huuleta pia. Ndiyo maana daktari makini hakati shauri kwa sikio peke yake: huuliza habari za homa, hubonyeza miguu kuona kama imevimba, huagiza picha ya eksirei.

Mluzi ni jambo jingine. Hutoka hewa inapopenya njia iliyobana, hasa wakati wa kutoa pumzi, na mwenye pumu anaujua vizuri. Mkoromo mzito wa makohozi aghalabu hubadilika mtu akikohoa. Utando unaofunika mapafu nao ukivimba, hukwaruzana kama ngozi ya kiatu kipya, na kila pumzi huja na kichomi.

Lakini cha kuogopwa zaidi ni kimya. Mwenye pumu ambaye mluzi wake umepotea ghafla, naye bado anatweta na hawezi kumaliza sentensi, hajapata nafuu. Hewa inayopita imekuwa haba mno, haitoshi hata kupiga mluzi. Jamaa huweza kushusha pumzi wakidhani shambulio limekwisha, kumbe hapo ndipo mgonjwa anapohitaji hospitali bila kukawia.

Mzazi asiye na stetoskopu ana macho na saa. Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.