KUPANDA MAHINDI KWA VIPIMO

Mkulima wa Maisaka, mbegu bora na mbolea hununuliwa kwa fedha. Ukizitia ardhini bila kipimo, ni fedha yako unayofukia. Yafuate mambo haya manne.

1. Pima shamba. Desturi yetu ni kuhesabu hatua 70 kwa 70 kuwa ekari moja. Lakini hatua za watu si sawa. Ekari ya kweli ni kama mita 64 kila upande. Mwenye hatua ya sentimeta 80 hupata mita 56 tu, na shamba lake hupungua karibu robo. Naye amelipia trekta na mbolea ya ekari kamili! Tumia futi ya utepe. Siku hizi simu hupima eneo kwa setilaiti ukizunguka mpaka. Hiyo yafaa kwa shamba kubwa. Katika shamba dogo, kosa la mita chache ni kubwa.

2. Jaribu mbegu kabla ya mvua. Funga punje 100 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 7. Zikiota 90 au zaidi, mbegu ni njema. Zikipungua sana, tafuta nyingine mapema. Tunza risiti na mfuko wake.

3. Tumia kamba. Piga fundo kila sentimeta 60, na kila mstari uwe mbali na mwenzake sentimeta 75. Penye fundo chimba shimo, panda punje 2, kina cha sentimeta 5. Ekari moja itakuwa na mashimo 9,000 hivi, yaani mashina 18,000. Mistari iliyonyooka hurahisisha palizi, nayo mbaazi hupata nafasi yake.

4. Pima mbolea. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 ukigawanywa kwa mashimo 9,000, kila shimo hupata gramu 5 na nusu, yaani kama kizibo kimoja cha soda. Itie kwanza, ifunike kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbolea ikigusa mbegu huiunguza.

Siku chache baada ya kuota, kagua shamba. Shimo 1 kati ya 10 likiwa tupu, umekosa mashina 1,800 katika ekari. Rudishia mara moja, maana mche uliochelewa sana hufunikwa na wenzake.