MPIRA WENYE MKIA

Mwezi wa Agosti 2018, mjini Ninh Binh nchini Vietnam, wanafunzi wa vyuo vya Asia na Pasifiki walikutana katika mashindano ya roboti yaitwayo Robocon, yaliyoanza mwaka 2002. Wenyeji hawakutafuta mchezo wa kuazima. Walitoa ném còn, mchezo wa sikukuu wa wakulima wa milima ya kaskazini, ambao hurusha mpira wa kitambaa wenye mkia upenye pete iliyo juu ya mlingoti wa mwanzi.

Hapo ndipo penye jambo. Roboti ya kutupa, kwa desturi, hutiwa magurudumu mawili yazungukayo kwa kasi. Mpira hubanwa kati yake ukafyatuka. Kwa mpira mtupu hufaa sana. Wenye mkia ukitiwa humo, mkia huzongwa magurudumuni na mtambo ukakwama. Dawa yake ni kumtazama mkulima mwenyewe: ashika mkia, azungusha mkono, aachia. Basi uundwe mkono wa chuma, na kishikio kifunguke kwa wakati wake, maana ukitangulia au ukichelewa kidogo tu, pete hukosekana. (Mlinda ndege wa shamba la mpunga, na kombeo lake, hesabu hiyo anaijua bila ya kalamu.)

Kanuni za mashindano hayo zataka wanafunzi waunde roboti kwa mikono yao. Nasi twawaomba wakuu wa elimu visiwani: kabla ya kuagiza masanduku ya vipande vilivyokwisha kukatwa, wawape vijana karakana, misumeno, na ruhusa ya kuharibu.